Je, Wajua? Kitako cha Kiondo Kimejaa Hesabu

Ukishuka Kyumbi, pale barabara ya Machakos inapoachana na ile ya Mombasa, umefika Ukambani, kwa kina mama wanaosokota mkonge kwenye paja na kuusuka kuwa viondo. Chukua kiondo kimoja, kipindue, utazame kitako. Tuseme kina mistari mitano ya mviringo yenye upana sawa: nyekundu katikati, kisha nyeusi, njano, nyeupe, na kahawia pembeni kabisa. Je, ni wapi palipokula uzi mwingi zaidi: kwenye kahawia peke yake, au kwenye nyekundu, nyeusi na njano kwa pamoja?

Jicho hukimbilia zile tatu za katikati, maana zimejaa kama sahani nzima na kahawia ni ukingo tu. Kumbe zinalingana. Eneo la duara hukua kwa mraba wa nusu kipenyo: hatua 1 hutoa sehemu 1, hatua 2 sehemu 4, kisha 9, 16 na 25. Toa 16 kwenye 25, unabaki na 9, na 9 ndiyo jumla ya rangi tatu za ndani. Msusi anayetia nyuzi rangi lazima alijue hilo, la sivyo kahawia itamwishia njiani.

Mwaka 1913 mchoraji Wassily Kandinsky alichora miraba 12, kila mmoja ukiwa na maduara ndani ya maduara, na walimu wengi hupenda kuipeleka picha hiyo darasani. Ni nzuri. Lakini kwa mtoto wa Machakos naona kiondo kinaishinda, kwa sababu kiondo hushikwa, na nyuzi zake huhesabika kwa kidole.

Tazama kinavyopanuka. Kila mzunguko wa uzi ukiwa na unene wa milimita 4, mzunguko unaofuata hurefuka kwa milimita 25 hivi, uwe wa tatu au wa arobaini. Nyongeza haitegemei ukubwa wa duara. Kamba iliyozungushwa Ikweta yote, ukitaka kuiinua milimita 4 kutoka ardhini pande zote, itahitaji milimita hizo hizo 25. Kwa hiyo, nyuzi za kusimama, zile zinazotoka katikati kwenda pembeni, zikiachana nusu sentimita, msusi huongeza mpya tano kila mzunguko ili kitako kilale bapa. Akiongeza chache, kitako huinuka kama bakuli, akizidisha, hukunjamana.

Ubavu wa kiondo ndio ninaoupenda zaidi. Msusi hushika nyuzi mbili, nyeusi na nyeupe, akizipitisha kwa zamu mbele ya kila uzi wa kusimama. Nyuzi za kusimama zikiwa shufwa, tuseme 60, kila moja hupata rangi ile ile mzunguko baada ya mzunguko, na michirizi husimama wima. Ongeza uzi mmoja tu, ziwe 61, na rangi hubadilishana kila zinaporudi: badala ya michirizi hutokea madoadoa ya kupishana mpaka ukingoni. Uzi mmoja umegeuza kiondo kizima, na mwanafunzi ameona kwa macho maana ya shufwa na witiri.

Mwanahisabati Paulus Gerdes, aliyefundisha Msumbiji miaka mingi hadi kifo chake mwaka 2014, alichambua kwa njia hii sipatsi, vikapu vya mkono vya Inhambane, akatoa humo mazoezi ya darasani. Viondo vya Ukambani vinastahili kazi kama hiyo.

Mwalimu anaweza kuanza kesho kwa karatasi ya miraba na kalamu za rangi tatu: nyekundu, nyeusi, nyeupe, zikifuatana bila kukatika. Mstari ukijaa, endelea na rangi inayofuata kwenye mstari wa juu yake, ukianzia tena kushoto. Fanya mara moja kwa mistari ya miraba 60, mara ya pili 61, mara ya tatu 62. Ni karatasi ipi itatoa michirizi wima, ipi itainamia kulia, na ipi kushoto?