Kutoka Rejaf hadi misitu ya Yei: kwa nini safari fupi ya baiskeli bado ni ndefu

Ramani ya Equatoria ya Kati humshawishi mpenda baiskeli. Kutoka Juba hadi Yei, mji unaojulikana kwa misitu yake ya mitiki, ni takriban kilomita 160 tu: safari ya siku mbili au tatu kwa mtu mwenye mazoezi ya kawaida. Hata hivyo, Wasudan Kusini waishio Australia wanaotamani kuwaonyesha watoto wao misitu hiyo wanashauriwa kuahirisha safari.

Rejaf, kituo cha mwisho cha meli

Safari ya kusini huanzia Rejaf, kwenye ukingo wa magharibi wa Nile Nyeupe, kilomita chache kutoka Juba. Ni nchi ya Wabari, na mlima wake wenye umbo la pia huonekana kutoka mbali. Februari 1897, majeshi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji yaliwashinda hapo wafuasi wa Mahdi. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Rejaf uliamua ni lugha zipi za kusini, Kibari ikiwa miongoni mwazo, zitumike shuleni.

Umuhimu wa Rejaf ulitokana na mto. Meli kutoka Khartoum ziliishia huko, kwa kuwa maporomoko yalizuia vyombo hadi Nimule. Msafiri alishuka na kuendelea kwa nchi kavu. Mwaka 1910, Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alitembea takriban siku kumi kutoka Nimule hadi Gondokoro, ng'ambo ya mto karibu na Juba. Leo Juba na Nimule zimeunganishwa kwa lami ya kilomita 192, iliyokamilika mwaka 2012.

Umbali si kikwazo

Barabara ya Yei hupita Lainya na Loka, penye mitiki iliyopandwa enzi za utawala wa Waingereza. Mapigano yalipozuka upya Juba Julai 2016, vita vilienea hadi maeneo hayo. Wakazi wengi walikimbilia Uganda, ambako makazi ya wakimbizi ya Bidi Bidi, yaliyofunguliwa Agosti 2016, yalipokea zaidi ya watu 270,000 kabla ya mwaka kwisha.

Mashambulizi ya barabarani yameendelea kutokea. Hata lami ya Nimule haikusalimika: Agosti 2021, watawa wawili wa Kikatoliki waliuawa katika shambulio dhidi ya basi walilosafiria. Pia yapo mabomu ya ardhini yaliyosalia kutokana na vita. Mwendesha baiskeli huenda polepole, hana kinga, na kijia cha msituni humvuta aiache barabara kuu. Mambo yanayoipendeza likizo ya baiskeli ndiyo yanayoongeza hatari hapa.

Serikali ya Australia inawashauri raia wake wasisafiri kwenda Sudan Kusini. Kwa familia, ushauri huo una uzito wa kifedha pia. Bima nyingi za safari hazilipi gharama katika nchi iliyowekwa kwenye kiwango hicho, hata ikiwa mtoto amevunjika mkono kwa kuanguka tu.

Njia ileile, ng'ambo ya mpaka

Njia ya zamani haikuishia Nimule. Kutoka hapo vyombo viliendelea hadi Butiaba, kwenye Ziwa Albert, na wasafiri wakapanda kwa barabara hadi Masindi, Uganda. Masindi ungali mji mdogo, jirani na msitu wa Budongo, wenye mikangazi mirefu na sokwe. Karibu na Kampala, kando ya barabara ya Jinja, kituo cha Najjembe katika msitu wa Mabira kina njia za kutembea na za baiskeli.

Kwa familia zenye jamaa Uganda, safari kama hiyo yaweza kuunganishwa na ziara ya kuwaona. Kabla ya kukata tiketi, ni vyema kusoma upya ushauri wa serikali kuhusu kila eneo litakalopitiwa, kupata jibu la maandishi kutoka kwa kampuni ya bima, na kuwauliza wakazi hali ya barabara wiki hiyohiyo. Misitu ya Yei haijafutwa kwenye ramani. Inasubiri siku ambayo kilomita 160 zitakuwa kilomita 160 tu.