Mawanda ya Kigeu katika Lugha ya Python: Ufafanuzi kwa Mfano wa Majina ya Nyumbani Kinama, Bujumbura

Utangulizi

Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, Kiswahili na Kirundi husikika katika ua mmoja, ilhali darasani hutawala Kifaransa. Kijana wa huko anayejifunza kuandika programu huipata dhana ya mawanda ya kigeu kupitia neno la Kifaransa portée. Makala haya yanaifafanua dhana hiyo kwa Kiswahili, na kuonyesha mahali ambapo mfano wa nyumbani humwongoza mwanafunzi na mahali unapompotosha.

Istilahi

Kigeu ni jina lililopewa thamani. Mawanda yake ni sehemu ya programu ambamo jina hilo hutambulika. Neno “upeo” lingeweza kutumika, lakini humaanisha pia kikomo au kiwango cha juu kabisa. Anayesikia “upeo wa bei” huenda akadhani inatajwa bei kubwa kuliko zote. “Mawanda”, lililokwisha kuzoeleka katika “mawanda ya utafiti”, hulenga eneo, na ndiyo maana inayotakiwa.

Mfano wa ua

Mama akiita “Hamisi!” uani kwake, huitika Hamisi wa humo ndani, hata kama mtaani wamo akina Hamisi wengine. Ikiwa uani hamna mwenye jina hilo, wito huwafikia wa nje. Python nayo hutafuta jina kuanzia ndani kwenda nje: kwanza katika fanksheni, yaani kifungu cha maagizo chenye jina lake, kisha katika fanksheni inayoizunguka, kama ipo, kisha katika faili zima, mwisho katika majina yaliyojengwa ndani ya lugha yenyewe.

bei = 500
def duka():
    bei = 700
    print(bei)
duka()
print(bei)

Programu hii huchapisha 700, kisha 500. Bei ya ndani haikuigusa ya nje. Ni majina mawili yanayofanana tu.

Mfano unapokoma

def punguza():
    print(bei)
    bei = 400

Kwa mantiki ya ua, mstari wa kwanza ungepata 500 ya nje, kwa kuwa bei ya ndani “haijazaliwa”. Sivyo. Fanksheni hii ikiitwa, Python hutoa kosa. Sababu ni kwamba hukagua mwili mzima wa fanksheni kabla ya kuutekeleza. Ikikuta jina limepewa thamani popote humo, hulihesabu kuwa la ndani tangu mstari wa kwanza. Ni kama mtoto atakayezaliwa jioni kuzuia wito wa asubuhi usimfikie jirani.

Anayetaka kubadili kigeu cha faili hutangaza kwanza “global bei”. Kwa kigeu cha fanksheni inayozunguka, Python 3.0 ya mwaka 2008 ilileta tangazo la “nonlocal”.

Hitimisho

Mwanafunzi anayekwama katika punguza() si mzembe. Amefuata kwa uaminifu mantiki ya lugha aliyolelewa nayo, ambamo jina huanza kufanya kazi linapotolewa. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili hana budi kuutumia mfano wa ua, kisha kutamka waziwazi unapokoma. Bila hatua hiyo ya pili, Kiswahili kitalaumiwa kwa kosa ambalo ni la mfano.