Usawa wa dini katika shule za umma: Sheria na mahakama zinasemaje?

SUALA la dini katika shule za umma humu nchini huzuka mara kwa mara, hasa muhula unapoanza. Mara ni binti aliyerudishwa nyumbani kwa kuvaa hijabu, mara ni kijana asiyetaka kuhudhuria masomo ya Jumamosi kwa kuwa imani yake humwamuru kuitukuza siku hiyo kama Sabato, na mara nyingine ni mzazi anayelalamika kwamba mwanawe hulazimishwa kuhudhuria misa ilhali wao si Wakristo.

Aghalabu malumbano haya huishia kwa kila upande kujiona umeonewa. Mwalimu mkuu husema anatetea nidhamu ya shule. Mzazi hudai haki ya mwanawe. Nalo kanisa lililoanzisha shule hushikilia kwamba halifai kunyimwa sauti katika kile lilichokijenga kwa jasho lake. Anayeumia zaidi ni mwanafunzi, ambaye hukosa masomo wakubwa wakiendelea kubishana.

Ili kufahamu ni nani mwenye haki, ni vyema kwanza kujua jinsi dini ilivyoingia katika shule zetu, kisha kutazama sheria inavyosema na mahakama zilivyoamua.

Mizizi ya mzozo

Elimu ya kisasa nchini Kenya ililetwa kwa kiasi kikubwa na wamishenari. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mnamo 1844, na kituo cha Rabai kikaanzishwa miaka miwili baadaye. Tangu hapo, kanisa na darasa vilikwenda sambamba: aliyetaka kusoma alifunzwa pia katekisimu, na mara nyingi akabatizwa. Serikali ya kikoloni nayo iliona nafuu kuzipa misheni ruzuku kuliko kujenga shule zake yenyewe.

Mfumo huo uliwaacha wengi nje. Katika mwambao wa Pwani, ambako watoto walikuwa wakisoma vyuoni na katika madrasa kwa karne nyingi kabla ya mkoloni kufika, wazazi wengi Waislamu walihofia kwamba kumpeleka mtoto katika shule ya misheni ni kumpoteza kidini. Baadhi ya pengo la elimu linaloshuhudiwa hadi leo katika maeneo ya Pwani na Kaskazini Mashariki lina asili yake katika hofu hiyo, pamoja na serikali ya kikoloni kuyapuuza maeneo hayo.

Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 ilipendekeza elimu ya umma iwe huduma ya taifa zima isiyomlazimisha mtu imani asiyoitaka. Sheria ya Elimu ya 1968 ikaiweka mikononi mwa serikali mamlaka ya kusimamia shule, na makanisa yaliyokuwa wasimamizi yakabaki kuwa wadhamini. Sheria hiyo pia ilimpa mzazi haki ya kuomba mwanawe asihudhurie ibada au mafundisho ya dini shuleni, na shule ilitakiwa kulikubali ombi hilo.

Kwa hivyo, shule nyingi za umma zenye majina ya watakatifu si mali ya kanisa katika maana ya kawaida ya neno hilo. Walimu wake huajiriwa na kulipwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC), na fedha za kuziendesha hutoka katika hazina ya taifa, hasa tangu kuanzishwa kwa elimu ya msingi bila malipo mnamo 2003 na ruzuku ya sekondari za kutwa mnamo 2008. Kodi hiyo hutozwa Mkristo, Mwislamu, Mhindu na asiye na dini.

Sheria inavyosema

Katiba ya 2010 inatamka katika Kifungu cha 8 kwamba hakutakuwa na dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu, kinakataza mtu kunyimwa nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, na kinakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha dini yake. Kifungu cha 27 nacho kinaharamisha ubaguzi wa moja kwa moja na ule usio wa moja kwa moja, na miongoni mwa misingi kinayoitaja ni dini, dhamiri, imani na hata mavazi.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua mchango wa wadhamini. Inawapa nafasi tatu katika bodi ya usimamizi ya shule, na inawaruhusu kutoa ushauri wa kiroho na kuteua kasisi kwa gharama yao wenyewe. Hata hivyo, sehemu ya 27 inaweka sharti: mdhamini adumishe malezi ya kiroho huku akilinda imani ya wale wasio wa dhehebu lake. Sharti hili ndilo husahauliwa mara nyingi zaidi. Sehemu ya 34 nayo inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa misingi ya dini.

Ni kweli kwamba haki ya kudhihirisha dini ina mipaka. Kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu haki kubanwa, ila kwa sheria, kwa sababu nzito, na kwa kiwango kinachokubalika katika jamii huru. Haitoshi kwa mkuu wa shule kusema tu kwamba 'hivi ndivyo tulivyozoea'.

Mahakama zilivyoamua

Kesi iliyotikisa nchi zaidi ilitokea katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya St Paul's Kiwanjani, Kaunti ya Isiolo, inayodhaminiwa na Kanisa la Methodist. Mnamo 2014 kulitolewa ombi kwamba wasichana Waislamu waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likaenda kortini. Mnamo Machi 2015, Mahakama Kuu mjini Meru iliafikiana na kanisa kwamba kuwaruhusu baadhi ya wanafunzi kuvaa tofauti na wenzao ni ubaguzi.

Septemba 2016, Mahakama ya Rufaa ilibatilisha uamuzi huo. Majaji walieleza kwamba kanuni inayoonekana kuwa sawa kwa wote yaweza kumwumiza mmoja zaidi ya mwingine, na kwamba kuwatendea vivyo hivyo watu walio katika hali tofauti huenda kukawa ubaguzi usio wa moja kwa moja.

Lakini mnamo Januari 24, 2019, Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ilitupilia mbali hukumu hiyo ya rufaa. Wengi wamedhani kwamba hijabu ilipigwa marufuku siku hiyo. Sivyo. Mahakama iliamua kwamba madai yaliyowasilishwa na mzazi mmoja aliyejiunga na kesi hayakufuata utaratibu ufaao, na ikasema anayetaka suala hilo liamuliwe anaweza kulifikisha rasmi katika Mahakama Kuu. Swali la msingi kuhusu hijabu halikujibiwa.

Katika kesi nyingine, Mahakama ya Rufaa iliamua Machi 2017 kwamba haki za wanafunzi Waadventista wa Sabato zilikiukwa pale waliponyimwa nafasi ya kuiadhimisha Jumamosi. Mnamo Septemba mwaka wa 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitambua Rastafari kuwa dini, na ikaamua kwamba Shule ya Upili ya Olympic haikuwa na haki ya kumfungia nje msichana wa imani hiyo kwa sababu ya nywele zake.

Si kila mlalamishi aliyefaulu. Mnamo 2012, Mahakama Kuu ilikataa ombi la mwanafunzi wa Kenya High School aliyetaka kuruhusiwa kuvaa hijabu. Hii ina maana kwamba mkuu wa shule na mzazi wanaweza, kila mmoja, kuokota hukumu inayompendeza. Ndiyo sababu mzozo haukomi.

Kufanana si usawa

Kiini cha mvutano ni maana ya neno usawa. Wapo wanaoamini kwamba usawa ni kila mtoto kuvaa vile vile, kusali vile vile na kupumzika siku ile ile. Hoja yao ina uzito. Sare huficha tofauti kati ya tajiri na maskini, na mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani hawezi kumtungia kila mmoja kanuni yake.

Lakini ratiba na sare za shule nyingi ziliundwa na Wakristo kwa ajili ya Wakristo. Jumapili haina masomo, Krismasi na Pasaka huangukia likizoni au siku za mapumziko. Mtoto wa Kikristo haombi ruhusa ya kutimiza imani yake kwa kuwa ruhusa hiyo imo tayari katika kalenda. Mwislamu anayeomba nusu saa ya swala ya Ijumaa haombi upendeleo. Anaomba kile ambacho mwenzake amekwisha kupewa.

Vivyo hivyo, kanuni hii yafaa ifuatwe pote. Katika sensa ya 2019, Waislamu walikuwa takriban asilimia 11 ya Wakenya, lakini katika kaunti kama Garissa, Wajir na Mandera wao ndio wengi mno. Mtoto wa Kikristo anayesoma huko ana haki ile ile ya kufunzwa Elimu ya Dini ya Kikristo na kutolazimishwa kuvaa au kusali kinyume cha imani yake. Zaidi ya Wakenya 700,000 waliojitambulisha kuwa hawana dini nao wana watoto shuleni.

Mzazi anayehisi mwanawe ameonewa yafaa aanze kwa kumwandikia mwalimu mkuu, aeleze ni jambo gani hasa dini yake inadai, na ahifadhi nakala. Asiporidhika, aifikishie malalamiko bodi ya usimamizi ya shule, kisha bodi ya elimu ya kaunti. Mahakama iwe hatua ya mwisho, kwa kuwa kesi ya Kiwanjani ilichukua takriban miaka mitano, muda unaozidi ule wa kumaliza sekondari.

Shule nazo hazina haja ya kungoja kushtakiwa. Bodi inaweza kukaa na wazazi na mdhamini kabla ya muhula kuanza na kuafikiana kuhusu rangi ya hijabu itakayooana na sare, chumba cha swala, na namna ya kumfidia mwanafunzi kipindi alichokosa. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili, ukuta huo hujengwa kati ya mtoto na darasa lake.