Ti, Ti, Ti... Usimdharau Tone la Bafuni!

Ni saa nane usiku. Nyumba nzima imelala, hata mbwa wa jirani kachoka kubweka. Kutoka bafuni unasikia: ti... ti... ti. Ni koki ya bomba la mvua. Jioni mmeikaza kwa nguvu zote, kaka akaongezea na kipande cha mpira wa baiskeli, lakini wapi! Inadondosha tu. Unavuta shuka kichwani na kujiambia, "Aa, ni matone tu hayo."

Haya, rafiki, kesho asubuhi hebu tuyapime hayo matone.

Chukua kikombe cha robo lita, kikinge chini ya bomba, halafu tazama saa. Tuseme kimejaa baada ya dakika 10. Kwa saa moja ni vikombe sita, yaani lita moja na nusu. Kwa siku nzima ni lita 36, karibu ndoo mbili kubwa. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 1,080. Uniti moja ya maji kwenye ankara ni lita 1,000. Kwa hiyo mzazi wako analipia uniti nzima na zaidi ya maji ambayo hakuna mtu aliyeyanywa, aliyeyaoga wala aliyeyafulia.

Na mbona usiku ndiyo inadondosha zaidi? Usiku watu wengi wamefunga mabomba yao, kwa hiyo msukumo wa maji kwenye mabomba ya mtaa unapanda. Koki iliyochoka haiwezi kuuzuia.

AFYA INAINGIAJE HAPA?

Swali zuri. Mwanza tumezungukwa na Ziwa Victoria, utadhani shida ya maji haituhusu. Lakini maji ya bomba huvutwa ziwani, husafishwa kwenye mitambo kama ya Capri Point na Butimba, halafu husukumwa kupanda vilima hadi kwenye matenki. Ni safari ndefu na ya gharama. Kuna mitaa inayopata maji kwa zamu, na ndiyo maana familia nyingi zina simtanki au mapipa.

Sasa fikiria. Maji ya mtaa yamekatika siku mbili, mnategemea simtanki yenu, na koki inadondosha usiku na mchana. Siku ya tatu tenki ni tupu. Nani anatumwa na ndoo? Mara nyingi ni msichana wa nyumba hiyo, tena kabla ya kwenda shule. Na kama mnakaa karibu na ufukwe, anateremka ziwani.

Huko ndiko kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaoishi kandokando ya maji, penye majani na maji yaliyotulia. Huogelea na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliyeingia majini kuchota, kufua au kuoga. Huhitaji kuyanywa maji hayo. Kuyakanyaga tu kunatosha.

Kichocho cha hapa ziwani ni kile cha tumbo. Kinaweza kuleta maumivu ya tumbo na kuhara damu, na kikikaa miaka bila kutibiwa huharibu ini. Wapo wenye kichocho ambao hawaoni dalili yoyote mwanzoni. Habari njema ni kwamba dawa ipo, inaitwa praziquantel, na hugawiwa pia mashuleni. Lakini ukitibiwa leo na kesho ukaingia tena ziwani, unaweza kuambukizwa upya.

Kuna mambo mengine mawili. La kwanza ni mbu. Maji ya koki yakituama nyuma ya bafu kwa wiki moja au zaidi, mbu wana muda wa kutaga mayai na kutoa mbu wapya. La pili ni uchafu. Bomba lililotoboka kwenye tope hutoa maji yakiwa na nguvu, lakini maji yakikatika linaweza kuvuta uchafu wa nje na kuuingiza ndani. Yakirudi, unaletewa uchafu huo kwenye kikombe chako. Kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu hupata njia hapo. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe, hata kama yametoka bombani.

KOKI INAFANYAJE KAZI?

Usiogope, siyo mambo ya uinjinia. Ndani ya koki ya kawaida kuna msumari mnene wenye hesi, na kwenye ncha yake kumefungwa kipande cha mpira cha duara. Hicho ndicho washa. Ukizungusha kishikio kufunga, msumari unashuka na kuikandamiza washa juu ya tundu la maji. Tundu likizibwa, maji yanasimama.

Washa huchakaa. Mchanga na kutu vinavyokuja na maji baada ya mgawo huikwaruza. Na sisi wenyewe tunaimaliza kwa kukaza kupita kiasi. Kadiri unavyokaza ndivyo mpira unavyopasuka, na kadiri unavyopasuka ndivyo unavyozidi kukaza. Kufunga mpira wa baiskeli kwa nje hakusaidii, maana ugonjwa uko ndani.

Angalizo: kama koki yenu huzunguka robo tu na kufunga, haina washa ya aina hii. Hiyo mara nyingi hubadilishwa kichwa chake chote cha ndani au koki nzima. Maelezo yafuatayo ni ya koki inayozunguka mara kadhaa kabla ya kufunga.

TUITENGENEZE

Kwanza ongea na wazazi. Kama mmepanga, mwenye nyumba naye aambiwe. Halafu tafuta spana ya kurekebisha mdomo, bisibisi, kitambaa na bakuli la kuwekea vipande. Washa ni kitu cha bei ndogo, na inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

1. Funga koki kuu, iliyo karibu na mita au kwenye bomba linalotoka kwenye tenki. Kisha fungua bomba la mvua mpaka maji yaishe. Kama hayaishi, koki kuu haishiki. Acha, ita fundi. Mimi mara ya kwanza niliruka hatua hii kwa haraka zangu. Nilipofungua nati, maji yaligonga dari, nikaoga na nguo zangu, na shangazi akacheka wiki nzima.

2. Ziba tundu la sakafuni kwa kitambaa. Skrubu ikitumbukia humo, ndiyo basi tena.

3. Ondoa kifuniko kidogo cha kishikio, fungua skrubu, vuta kishikio. Kama kimeganda kwa kutu, kitikise taratibu. Usipige nyundo.

4. Sasa unaona nati kubwa. Ifungue kuelekea kushoto, kinyume cha mshale wa saa. Hapa kuwa mwangalifu: bomba la mvua limejengewa ukutani. Ukilazimisha nati iliyogoma, unaweza kupasua bomba ndani ya ukuta, na shida ya washa ikageuka shida ya kubomoa ukuta. Nati ikigoma kabisa, mwite fundi.

5. Chomoa kichwa cha koki. Mwisho wake utaiona washa, pengine imebonyea au imekatika. Itoe uende nayo dukani kama sampuli. Usikadirie kwa macho, maana tofauti ndogo tu ya ukubwa itakurudisha ulikotoka.

6. Kabla ya kuweka mpya, ingiza kidole ndani upapase mdomo wa tundu la maji. Ukiwa laini, safi kabisa. Ukiwa na mapengo, washa mpya haitadumu, na ni bora kubadilisha koki. Futa mchanga wote.

7. Weka washa mpya, rudisha kila kitu kwa mpangilio uliovitoa. Kaza nati ishike vizuri, lakini usikomae nayo. Fungua koki kuu polepole, kisha jaribu bomba. Likifunga kwa mkono mwepesi, umefaulu!

Je, maji yanatokea shingoni mwa kishikio, siyo kwenye mdomo wa bomba? Basi tatizo siyo washa. Kaza kidogo nati ndogo ya shingo. Isiposaidia, mpira au uzi unaoziba hapo umechoka, unahitaji kubadilishwa.

HAPA USIGUSE

Kama bomba lenu la mvua lina hita ya umeme, usilifungue. Maji na umeme havitaniwi. Zimeni umeme wake kwenye swichi kuu na mwiteni fundi. Vilevile, bomba linalovuja kabla ya mita au barabarani ni la mamlaka ya maji. Wapigieni simu, namba huwa kwenye ankara. Linalovuja baada ya mita ni lenu, na maji yake mnayalipia nyinyi.

NA WASICHANA JE?

Wapo wanaosema spana ni ya wavulana. Kwa nini? Anayebeba ndoo kichwani maji yakiisha ndiye mwenye haki ya kwanza kujua koki inatengenezwaje. Hakuna nguvu ya ajabu inayotakiwa hapa, ni utulivu na mpangilio. Na wewe mvulana, kama dada yako anatengeneza koki, wewe unaweza kubeba ndoo. Au vipi?

JIPIME

Wiki hii fanya mambo matatu. Tafuta koki kuu ya kwenu ilipo, na uhakikishe kila mtu nyumbani anaijua. Kinga kikombe kwenye kila bomba linalodondosha, la nyumbani na la shuleni, upige hesabu kama tulivyofanya juu. Kisha peleka hesabu hiyo kwa mzazi au kwa mwalimu wa afya. Maneno matupu "bomba linavuja" wamezoea kuyasikia. Lakini ukisema "tunapoteza ndoo mbili kila siku", watakusikiliza.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Walichosahau kutuambia ni kwamba haba na haba humaliza tenki pia. Usiku wa leo ukisikia ti, ti, ti, unajua la kufanya kesho.