Mkoko Hutaka Mahali Pake

Kati ya mwaka 1992 na 2009, hori ya Tudor ya Mombasa, iliyo kati ya Kisauni na Mikindani, ilipoteza karibu asilimia 87 ya mikoko yake. Mwache, nyuma ya Port Reitz, ilipoteza asilimia 45. Watu walikata kuni na boriti kupita kiasi. Kisha mvua za El Nino za 1997 na 1998 zikashusha udongo kutoka bara na kufukia mizizi ambayo mti hupumulia. Tudor ina balaa jingine: maji machafu ya mitaani huishia humo.

Leo vikundi vya vijana na kina mama wa Jomvu, Mikindani na Junda huingia topeni kupanda upya. Ni kazi ya kuheshimiwa, na ina ujuzi wake.

Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti, ikarefuka hadi kufika nusu mita. Mkusanyaji mzoefu hutazama shingo yake: ikiwa na pete ya manjano na ikichomoka kwa urahisi, imekomaa. Huchomekwa wima, theluthi yake ndani ya tope. Mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko, haupandwi hivyo. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo hulelewa kitaluni kwanza.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kwa kuwa mbegu za mkoko ni rahisi kupata, hupandwa popote penye tope, hata mbele kabisa panapopigwa na mawimbi, ambapo ni makao ya mlilana. Mchu nao, aina ya tatu, huvumilia chumvi kali ya nyuma, huko maji yanakofika wakati wa bamvua tu. Mche uliopandwa pasipo pake hufa, na picha za siku ya kupanda hazisemi hilo.

Gazi, kusini mwa Likoni, wamefanya kwa subira. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kupanda huko miaka ya 1990. Mwaka 2013 wanakijiji wakaanzisha Mikoko Pamoja, mradi unaotunza hekta 117 na kuuza hewa ya kaboni. Pato limeleta maji ya mfereji na kusaidia shule.

Mombasa ina wakaazi wengi zaidi wanaohitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea, hivyo ulinzi wake ni mgumu zaidi. Ndiyo maana fedha za wafadhili zisiishie kwenye miche. Zilipe walinzi na vitalu, na ziwapunguzie watu haja ya kuni. Kaunti nayo iyazuie maji taka kabla hayajafika horini.

Wewe msomaji wa Likoni, Changamwe au Kisauni unayetaka kusaidia, kiulize kikundi cha mtaani kwako: miche ya mwaka jana mingapi ingali hai? Wakikupeleka topeni mkaihesabu pamoja, wachangie.