Manati ya Gharama Ndogo

Wenzangu, manati ya kuwindia ndege haihitaji boom lote. Yangu niliitengeneza nyumbani likizo iliyopita: panda ya mpera, tyubu kuukuu ya baiskeli, na ngozi ya kiatu kilichochakaa. Panda ibambue maganda, iache ikauke kivulini, juani inapasuka.

Kazi yenyewe ipo kwenye mpira. Vipande viwili viwe sawa kwa urefu na upana, la sivyo jiwe linakwenda kombo. Mimi nilikata kwa kisu butu, haraka haraka, ukingo ukabaki na mchaniko mdogo. Nikaupuuza. Kumbe mpira huanzia kukatika hapo hapo! Siku ya tatu nikauvuta, ukakatika, ncha ikanichapa chini kidogo ya jicho. Sasa nakata kwa wembe mpya.