Mashine Yasoma Namba, Bei Huwekwa na Watu

Mtu aingiaye leo katika duka kubwa la Dar es Salaam au Nairobi hamkuti tena karani ajumlishaye hesabu kwa penseli juu ya kipande cha karatasi. Karani ameshika chombo kidogo chenye umbo la bastola. Akielekeza mwanga wake mwekundu kwenye mistari myeusi iliyopigwa chapa ubavuni mwa pakiti ya sabuni, chombo hulia mara moja, na jina la sabuni pamoja na bei yake huonekana kwenye kioo. Wengi hudhani ya kwamba chombo hicho kimeisoma bei. Sivyo, na yafaa tuisahihishe dhana hiyo, kwani yaweza kumtia mnunuzi hasarani na karani lawamani bila ya sababu.

Chombo hicho, kiitwacho skana, hufuata kanuni nyepesi: cheupe hurudisha mwanga, cheusi huumeza. Skana ya leza hutoa mwale mwembamba, na kioo kidogo kitikisikacho ndani yake huupeleka mwale huo huku na huko, mara nyingi katika sekunde moja, hata ukaonekana kama mstari mmoja. Upitapo juu ya nafasi nyeupe, mwanga hurudi. Upitapo juu ya mstari mweusi, haurudi. Ndani ya skana limo jicho la umeme lipimalo kurudi na kutorudi huko, na kutokana na unene wa mistari na upana wa nafasi, skana hutambua tarakimu. Kila tarakimu huandikwa kwa mistari miwili na nafasi mbili. Skana nyingine hazina leza, bali humulika kwa taa na kupiga picha. Nyingi za namna hiyo husoma pia zile alama za mraba. Na kwa kuwa mwanga utumiwao aghalabu ni mwekundu, mistari ikichapwa kwa wino mwekundu juu ya karatasi nyeupe, skana haiioni.

Basi kipatikanacho ni namba tu. Bidhaa nyingi katika maduka yetu zina namba ya tarakimu 13. Zile za mwanzo huonyesha nchi ambamo mwenye bidhaa alijiandikisha: 620 ni Tanzania, 616 ni Kenya. Lakini tusidanganyike, hizo hazithibitishi mahali bidhaa ilipotengenezwa. Zifuatazo humtambulisha mwenye bidhaa na bidhaa yenyewe. Ya mwisho ni mlinzi wa wenzake. Tuchukue mfano wa tarakimu 12 hizi: 123456789012. Zilizo katika nafasi ya pili, ya nne na kuendelea hivyo, jumla yake ni 22. Tukizidisha kwa 3 twapata 66. Zilizosalia jumla yake ni 26. Zote pamoja ni 92, na ili kufika 100 zapungua 8. Kwa hiyo tarakimu ya 13 ni 8. Hesabu isipolingana, skana huikataa namba hiyo.

Namba ikishakubaliwa hupelekwa kwenye kompyuta ya duka, kana kwamba karani ameipiga kwa vidole vyake. Kompyuta huitafuta katika daftari lake, kisha hutoa jina na bei. Bei, basi, haimo katika mistari wala katika skana. Imo katika daftari, na daftari huandikwa na watu. Bei ikipandishwa asubuhi ndani ya kompyuta, na karatasi ya rafuni isibadilishwe, mnunuzi ataona shilingi 3,000 rafuni na kutozwa shilingi 3,500 kaunta. Hapo skana haikukosea, wala karani hakukosea. Naye ndiye atakayegombezwa.

Hatari hii ilionekana tangu mwanzo. Mistari hii ilibuniwa Marekani na Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, waliopewa hataza mwaka 1952. Bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa namba ya namna hii ilipitishwa juu ya skana tarehe 26 Juni 1974, katika duka la Marsh mjini Troy, jimbo la Ohio: pakiti ya ubani wa kutafuna, kwa senti 67. Wenye maduka walitaka kuacha kubandika bei juu ya kila kitu, nao wanunuzi na vyama vya wafanyakazi wakapinga. Jimbo la Michigan lilitunga sheria mwaka 1976 ya kulazimisha bei ibandikwe juu ya bidhaa. Sheria hiyo iliondolewa mwaka 2011, lakini iliyoshika nafasi yake haikumwacha mnunuzi mikono mitupu: aliyetozwa zaidi na skana aweza kudai kilichozidi, pamoja na mara kumi yake, kisipungue dola 1 wala kuzidi dola 5.

Ndugu wasomaji, hatusemi ya kwamba skana ni adui. Imepunguza foleni na makosa ya vidole vilivyochoka. Twasema kila mtu ashike zamu yake. Mnunuzi aikumbuke bei ya rafuni, atazame kioo, na asome risiti kabla ya kuondoka kaunta. Akiona tofauti, adai haki yake kwa adabu, bila ya kumtukana karani ambaye hakuiweka bei hiyo. Mwenye duka naye alinganishe kompyuta na rafu kabla ya kufungua mlango. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza ya kwamba daftari lisilolingana na rafu hupoteza mali ya mnunuzi, naye asipate habari.